Mkono wa Kushoto wa Baba

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Kidole alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akanywa glasi nzima ya maji akiwa amesimama, kisha akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma kumsikiliza baba yake akifanya mazoezi. Kidole halikuwa jina lake la daftarini. Mama yake alimbandika jina hilo alipokuwa na miaka mitatu, siku alipotia kidole kwenye unga, kwenye rangi ya ukutani iliyokuwa haijakauka na kwenye sikio la mgeni, yote hayo kabla ya saa nne asubuhi. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa limemganda.

Baba yake alikuwa mpiga kinanda. Kilikuwa kinanda cha umeme, chenye vitufe vingi na kioo kidogo cha maandishi, ambacho wanamuziki hukiita sinthesaiza. Pembeni yake palikuwa na mashine ya ngoma, ukubwa wake kama sanduku la viatu. Mashine hiyo ilipiga ngoma bila mpigaji, na waya mmoja mweusi uliiunganisha na kinanda kwa nyuma.

Mwaka uliotangulia, Baba alipata kiharusi. Alianguka bafuni akiwa na mswaki mdomoni. Alilazwa wiki tatu, na alipotoka, mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kama si wake. Miezi ikapita akiufinyisha mpira, akiuchotesha maji kwa kijiko, akiugombeza na kuubembeleza. Polepole ukaamka. Lakini haukuwa na wepesi wa zamani, na ndipo kinanda kilipomwokoa.

"Tazama," alimweleza Kidole siku moja. "Nikibonyeza sauti hizi tatu kwa pamoja, kinanda chenyewe kinazipiga moja moja, juu na chini. Mimi naiita ngazi. Sasa, anayejua ngazi ipande kwa kasi gani ni nani?"

"Kinanda?"

"Hapana. Ni saa. Si saa ya kukuambia umechelewa shule. Ni mapigo. Mashine ya ngoma inatuma mapigo yake kupitia waya huu, kinanda kinayapokea, na vyote viwili vinatembea mguu mmoja. Mkono wangu ukichelewa kidogo, kinanda kinasubiri pigo linalofuata ndipo kinaanza. Hakuna anayejua kwamba nimechelewa."

"Mimi najua," alisema Kidole.

"Basi wewe funga mdomo," Baba alijibu, na wote wawili wakacheka.

Sheria ya chumba cha nyuma ilikuwa moja. Kinanda na mashine ya ngoma vikiwa vimeunganishwa, mtu asiguse wala asisogeze kitu. Kidole akitaka kupiga, amwite Baba.

Jumatano moja, Baba alikuwa ameenda kwenye mazoezi ya viungo. Mama, ambaye alikuwa mwalimu wa udereva, alikuwa barabarani na mwanafunzi. Rafiki wa Kidole akaja. Msichana huyu darasa zima lilimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Kila siku unasema umetunga wimbo," alisema Redio kabla hata ya kukaa. "Wimbo wenyewe uko wapi? Nimekuja na simu ya dada yangu. Nitakurekodi. Ila hapa pana giza, uso wako utaonekana kama doa. Twende dirishani."

"Hakisogezwi," alisema Kidole.

"Dakika tano tu! Kwani kina mizizi?"

Kidole alitazama mlango, akatazama dirisha. Kisha akachomoa waya mweusi nyuma ya mashine ya ngoma, wakakibeba kinanda wote wawili hadi dirishani. Alibonyeza sauti tatu. Kimya. Ngazi haikupanda. Alifikiri kidogo, akakumbuka: kinanda kilikuwa kinasubiri saa kutoka nje, na waya haukuwapo. Akazungusha kitufe, akapekua maneno kwenye kioo mpaka akayapata. Palipoandikwa saa ya nje, akaweka saa ya ndani. Akagonga kitufe cha kasi kwa kidole, ta, ta, ta, ta. Ngazi ikapanda na kushuka kama maji ya mfereji.

Redio alibaki mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuwa na neno.

Wimbo ulikuwa haujafika katikati honi ilipolia kwenye kona. Lilikuwa gari la Mama. Alifundisha kila mwanafunzi kupiga honi kwenye kona ile, hata kama hapakuwa na mtu.

"Mama!" Kidole alishtuka.

Wakakinyanyua kinanda mbiombio. Pembe yake moja ikagonga fremu ya mlango, kipande cha plastiki kidogo kama punje ya mchele kikaruka. Wakakirudisha mahali pake. Kidole akapeleka mkono nyuma ya mashine ya ngoma, akapapasa tundu, akachomeka waya. Matundu yalikuwa mawili, yakifanana kama mapacha. Hakutazama. Na lile neno kwenye kioo alilisahau kabisa.

"Mimi sikuwa hapa," Redio alinong'ona huku akivaa viatu. "Dada akijua nilichukua simu yake, nimekwisha."

"Sitasema."

Siku ya pili yake, Alhamisi alasiri, mwimbaji wa bendi alikuja kufanya mazoezi. Jumamosi saa tisa walikuwa na kazi kubwa: kupiga muziki kwenye mahafali ya chuo cha wauguzi. Ingekuwa mara ya kwanza Baba kukaa mbele ya watu tangu augue. Alikuwa amevaa shati safi ingawa alikuwa nyumbani kwake.

Akawasha ngoma. Mwimbaji akatikisa kichwa akihesabu. Baba akabonyeza kwa mkono wa kushoto.

Ngazi ilianza, lakini haikukaa juu ya ngoma. Ilikuwa nyuma kidogo, kama mtu anayeburuta ndara. Na kadiri wimbo ulivyoendelea ndivyo ilivyozidi kubaki nyuma, mpaka ngoma ikawa na safari yake na kinanda safari yake. Mwimbaji akapotea, akakohoa, akaanza upya. Wakapotea tena.

"Samahani," alisema Baba. "Ni mimi. Turudie."

Wakarudia mara nne. Mara ya tano Baba hakubonyeza kitu. Aliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya vitufe, akautazama kwa muda mrefu.

"Ni mkono," alisema kwa sauti ndogo. "Unachelewa. Unachelewa kuliko mwezi uliopita. Unanirudia ule ugonjwa."

"Kaka, usiseme hivyo," alisema mwimbaji. Lakini macho yake yalikuwa yameshasema.

Kidole alikuwa amesimama mlangoni na kitabu mkononi. Mwanzoni hakuelewa. Kisha macho yake yakaangukia kioo cha kinanda, yakayakuta yale maneno mawili: saa ya ndani. Kitabu kilimtoka mkononi kikaanguka chali. Hakuna aliyegeuka.

Sema, alijiambia. Sema sasa. Lakini mwimbaji alikuwapo, na ile pembe iliyobanduka ilikuwa imeelekea kwake kama jicho. Akaamua kusubiri. Baba akitoka tu, angeingia, angegeuza lile neno, na jambo lingekwisha bila mtu kujua. Lakini Baba alipotoka alifunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni.

Asubuhi ya Ijumaa Kidole alikuta Baba ameketi ukingoni mwa kitanda, shati liko wazi. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinahangaika na kifungo cha pili, vinatetemeka. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Unaona?" alisema Baba. "Jana kinanda. Leo kifungo."

Mama alimfunga vifungo vyote, akasimama, akachukua ufunguo wa gari. "Kidole, ingia nyuma na sare yako. Tunapita hospitali kwanza."

Mama huyu aliyewapigia kelele wanafunzi wake wakivuka mstari mweupe, siku hiyo alivuka miwili. Kidole aliona shingo ya baba yake mbele yake, imeinama. Ni mimi, alisema moyoni. Ni mimi, ni mimi. Lakini mdomo ulikataa kufunguka.

Daktari alimpima Baba kwa utulivu. Alimwambia aguse pua, afumbe macho, afinye vidole vyake viwili, agongeshe kidole gumba na kingine haraka haraka. Kisha akavua miwani.

"Mkono huu ni mzima," alisema. "Hata mimi umenishangaza. Una nguvu kuliko nilivyouona mara ya mwisho."

"Daktari, mimi ni mwanamuziki. Masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Mkono unachelewa."

"Asubuhi ulitetemeka," Mama aliongeza.

"Hofu nayo hutetemesha. Lete mkono wa pili, nipime presha." Mpira ukajaa upepo, ukatoa upepo. Daktari akatazama namba, akapima tena. Uso wake ukabadilika. "Hii sasa siipendi. Iko juu sana. Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Kila siku?"

Baba alitazama ukuta. "Kila siku."

"Basi dawa ile haikutoshi. Nakuandikia nyingine yenye nguvu zaidi. Na Jumatatu uje tupige picha ya kichwa."

Mama aliweka kiganja mdomoni. Baba alijishusha kwenye kiti kama mtu aliyekatwa kamba.

"Mpigie mwimbaji," alimwambia Mama. "Atafute mtu mwingine wa kesho. Na kile kinanda kipelekeni kwa yeyote anayekitaka. Sitakigusa tena. Nimemaliza."

"Si mkono!"

Wote watatu waligeuka. Kidole alikuwa amesimama, mfuko wa shule umemning'inia bega moja, machozi yanamtoka bila yeye kujua.

"Si mkono, Baba. Ni mimi. Nilibadilisha saa ya kinanda. Niliweka saa ya ndani, kwa hiyo hakisikilizi ngoma tena. Ndiyo maana ngazi inachelewa. Nilisahau kuirudisha."

Daktari alishika kalamu hewani.

"Lini?" Baba aliuliza.

"Jumatano."

"Na jana ulikuwa mlangoni. Uliniona."

"Ndiyo, Baba."

Hakumgombeza. Alimtazama tu, na Kidole angefurahi kama angepigiwa kelele.

"Uligusa nini kingine?" Mama aliuliza.

Hapo ndipo alipokumbuka dirisha, na pembe iliyobanduka, na Redio, na ahadi. "Hakuna," alisema. "Nilibonyeza kidogo tu."

Siku hiyo hakuenda shule. Walipofika nyumbani Baba alifungua chumba cha nyuma kabla hata ya kuvua viatu. Alizungusha kitufe, akarudisha saa ya nje. Uso wake ulikuwa na matumaini kama wa mtoto. Akawasha ngoma, akanyoosha vidole vitatu vya kushoto, akabonyeza.

Kimya.

Ngoma iliendelea peke yake, lakini ngazi haikutoa hata sauti moja. Baba akabonyeza kwa nguvu zaidi. Kimya. Akajaribu mkono wa kulia kwenye vitufe vilevile. Kimya vilevile.

"Sasa kimekufa kabisa," alisema.

Kidole alikuwa na hakika kwamba akisema ile saa, kila kitu kitarudi sawa. Mbona kimekuwa kibaya zaidi? Alitaka kuuliza, akaogopa jibu.

Mama alimpigia simu Fundi wa vyombo vya muziki. Saa nane mchana Fundi aliingia na begi la vifaa begani, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Fundi," alisema Kidole.

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Baba karibu anyooshe mkono wake. Kisha akaonyesha kinanda.

Fundi hakugusa kitu mara moja. Alivuta kiti, akaketi, akauliza. "Kilikuwa kinafanya kazi mpaka lini? Nini kilibadilishwa? Na nani?"

"Mtoto alibadilisha saa Jumatano. Nimeirudisha. Sasa ngazi haisikiki kabisa."

"Inasubiri mapigo, mapigo hayafiki," alisema Fundi. Alipeleka mkono nyuma, akauvuta waya kidogo kuona kama umekaza. Ulikuwa umekaza. "Huu waya umewahi kuchomolewa?"

"Tangu nitoke hospitali hakuna aliyeugusa," alisema Baba. "Hata kufagia huko nyuma nafagia mwenyewe."

"Hakuna aliyeugusa? Hakika?"

"Hakika."

Kidole alitazama vidole vyake vya miguu.

"Basi mlango wa kinanda wa kupokelea mapigo umeungua ndani," alisema Fundi. "Itabidi nifungue, nikitoe kipande, nilehemu kingine. Lakini nawaambia mapema, chombo hiki ni cha zamani. Kesho hakitakuwa tayari. Na vyombo vya zamani vikifunguliwa, vingine havirudi vilivyokuwa."

Baba aliinamisha kichwa. "Fungua."

Fundi alikilaza kinanda kifudifudi juu ya taulo, waya bado ukiwa umening'inia kwenye mashine ya ngoma. Akachukua bisibisi. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Kidole aliisikia kila moja ikilia kwenye kisahani. Ya tatu. Ya nne ilikuwa na kutu, ikapiga kelele kama mtu anayeumizwa. Fundi akashika mfuniko kwa mikono miwili.

"Acha! Fundi, acha!" Kidole alipiga kelele hata yeye mwenyewe akashtuka. "Waya ulichomolewa! Nilichomoa mimi! Tulikipeleka kinanda dirishani, halafu Mama akapiga honi, tukakirudisha mbio, na pembe ikagonga mlango, ile pale, imebanduka. Nikachomeka waya bila kutazama. Nilisema nilibonyeza kidogo tu. Si kweli. Hiyo ilikuwa nusu tu."

Fundi aliuachia mfuniko polepole, kama mtu aliyegundua ameshika nyoka.

"Tulikipeleka?" aliuliza Mama. "Wewe na nani?"

"Siwezi kusema. Nilimwahidi."

"Redio," alisema Mama.

Kidole aliinamisha uso, na hilo likawa jibu.

Fundi alizirudisha skrubu nne moja moja. Alipomaliza alikisimamisha kinanda, akamvuta Kidole karibu. "Wewe uliyevuruga ndiye utakayetafuta. Lakini si kwa kubahatisha. Tunafuata njia ya mapigo, kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hugusi cha pili kabla ya kumaliza cha kwanza. Mapigo yanatoka wapi?"

"Kwenye mashine ya ngoma."

"Yanapitia mlango gani?"

Kidole alichukua tochi, akainama nyuma ya meza. Juu ya matundu mawili palikuwa na maandishi madogo. Alisoma la kwanza. Alisoma la pili. Akaganda.

"Fundi! Waya uko kwenye tundu la kupokelea. La kutolea liko wazi!"

"Maana yake nini?"

"Maana yake... mashine ya ngoma inasikiliza, na kinanda nacho kinasikiliza. Hakuna anayesema."

"Haya. Hamisha. Kisha usiguse kingine."

Alichomoa, akachomeka tundu la pembeni, safari hii akimulika. Akatoka chini ya meza. Fundi akawasha ngoma. Kwenye kioo cha kinanda nukta ndogo ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, sawasawa na ngoma.

"Sasa mwenye mkono aje," alisema Fundi.

Baba alibonyeza. Ngazi ikapanda juu ya ngoma, pigo kwa pigo, haikuvuta mguu hata kidogo. Alisubiri dakika nzima, macho amefumba, akitegemea ipotee. Haikupotea. Mama alianza kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Fundi alikuwa akifunga begi lake. "Mtoto, nataka ukumbuke jambo moja. Bisibisi yangu haijui ukweli. Inafuata ninachoambiwa. Nilipoambiwa nusu, nilikuwa naenda kuchoma kitu kizima na kuacha kibovu palepale. Tena ningeondoka nikijiona nimefanya kazi nzuri."

Kidole aliitikia kwa kichwa, uso umemuiva kwa aibu. Lakini aliyebadilika zaidi hakuwa yeye. Baba alikuwa ameacha kupiga. Alizima ngoma. Alisimama, akaenda chumbani, wakasikia droo ikifunguliwa. Aliporudi alikuwa amebeba bahasha ya kaki. Aliimimina mezani.

Vilikuwa vidonge vya presha. Karatasi baada ya karatasi, vyote vimo ndani, hakuna hata kimoja kilichotobolewa.

"Wiki tano," alisema Baba. "Vilikuwa vinanilegeza. Nilikuwa nasinzia kwenye kinanda. Nikaviacha, nikasema nitavirudia baada ya mahafali."

Mama aliketi chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. "Wiki tano? Kila asubuhi nakuletea maji! Kila asubuhi unaniambia tayari!"

"Najua."

"Na leo daktari kakuuliza mbele yangu!"

"Najua, mke wangu. Ndiyo maana navileta."

Alipiga simu mwenyewe, akaiweka kwa sauti kubwa ili wote wasikie. "Daktari, asubuhi nilikudanganya. Zile dawa sijazinywa wiki tano."

Sauti ya daktari ikaja kwa ukali ambao Kidole hakuutarajia. "Kile kidonge kipya nilichokuandikia, umeshameza?"

"Bado."

"Usimeze! Unanisikia? Nilikiandika nikidhani cha kwanza kimeshindwa. Kwa mwili ambao hauna dawa yoyote, kingeweza kuishusha presha ghafla ukaanguka, na safari hii huenda usingeamka. Njooni sasa hivi."

Mama alikuwa ameshashika ufunguo.

Jioni ile, kabla jua halijatua, walirudi na dawa nyingine, ndogo, isiyoleta usingizi mwingi. Daktari alitoa masharti: asubuhi apimwe tena, na ikiwa presha imeanza kushuka, atapiga nyimbo mbili tu, akiwa ameketi. Picha ya Jumatatu ikabaki palepale.

Jumamosi asubuhi presha ilikuwa imeanza kushuka. Saa tisa alasiri, ukumbi wa chuo cha wauguzi ulijaa watu mpaka madirishani. Kidole ndiye aliyeunganisha waya, akimulika kwa tochi, na akalisoma neno kwenye kioo mara tatu. Baba akapiga wimbo wa kwanza. Akapiga wa pili. Wauguzi wapya walisimama na kofia zao wakaimba kiitikio, na mwimbaji akawa anafuta macho badala ya kuimba.

Nyuma ya jukwaa walimkuta Redio akisubiri, mikono nyuma, uso umempauka. "Shikamoo, Baba. Nilikuwapo Jumatano. Mimi ndiye niliyesema kinanda hakina mizizi. Nimeshamwambia na dada kuhusu simu."

Baba aliketi juu ya sanduku la spika, akawaita wote wawili wamkaribie.

"Nyie mlificha waya," alisema, "mimi nikaficha vidonge. Fundi karibu avunje kitu kizima kwa sababu yenu. Daktari karibu aniue kwa dawa nzuri kwa sababu yangu. Hakuna kati yao aliyekosea. Walitengeneza kile tulichowaambia. Kwa hiyo mkiulizwa na mtu anayetaka kuwasaidia, mpeni habari yote, hata ile inayowaaibisha. Hasa hiyo. Nusu ya ukweli si ukweli mdogo, wanangu. Nusu ni uongo uliovaa vizuri."

Alimtazama binti yake, akamwekea mkono wa kushoto begani. Ulikuwa mzito na wa joto.

"Wewe ulisema yote Fundi akiwa ameshika mfuniko. Ulikuwa unatetemeka, lakini ulisema. Nami nilikaa mbele ya daktari, mtu mzima, nikatazama ukuta. Ungenyamaza jana, mimi nisingefungua ile droo."